Jina Ukingoni mwa Picha

Kitendawili! Nina jicho lisilolala wala kutoka machozi, hufumba na kufumbua bila kuchoka. Ukilipa kidogo cha kutazama huona yote, ukilipa yote halioni hata kidogo. Aliyeshindwa asiharakishe kunipa mji. Asikilize tu, jibu lipo njiani, na limefungwa kamba moja na methali ya wahenga inayomwonya mtu aliyejaza mikono yake mpaka vidole vikashindwa kufumba. Wengi wakiisikia methali hiyo humfikiria mlafi wa nyama au mlafi wa fedha. Lakini iko pia tamaa iliyovaa nguo safi, tamaa ya heshima, na hiyo ndiyo iliyowaingia watu wema wa Hi Vuyile.

Katika bonde la Letsitele, kusini mwa Afrika, michungwa imepangwa mistari kama wanafunzi kwenye paredi. Watu wa Hi Vuyile waliondolewa hapo zamani, wazee na vyungu vyao juu ya malori, wakatupwa kwenye nchi ya mawe ambako hata mbuzi walilalamika. Miaka ikapita, sheria zikageuka, na wajukuu wakarudishiwa ardhi pamoja na miti yake. Ndipo wakajiita Hi Vuyile, yaani Tumerudi. Walipalilia, wakamwagilia, wakachuma. Ila jambo moja liliwachoma rohoni: hawakuwa na kiwanda cha kufungashia. Kila msimu wa baridi machungwa yao yalivushwa mto hadi kwa jirani, yakatiwa katika maboksi yenye jina la jirani, yakapanda meli.

"Sisi ndio tunaozaa, lakini mtoto anabatizwa kwa jirani," alizoea kusema Mzee Mkhacani Rikhotso, mwenyekiti wao. Alikuwa mtu mrefu, mkavu kama mti wa mopani, na aliyekumbuka lile lori lililowachukua, kwa maana alipanda ndani yake akiwa mtoto mgongoni mwa dada yake.

Hatimaye walijenga kiwanda chao. Mzee Mkhacani alikataa kabisa mchoraji wa kukodiwa. Alipiga magoti mwenyewe, brashi mkononi, akaandika HI VUYILE kwa rangi ya kijani kwenye boriti ya chuma iliyolala kando ya mtambo wa kuchagulia machungwa. Herufi zilipinda kidogo, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia.

Mtambo wenyewe ulikuwa mikononi mwa Masingita Nkuna, binti wa palepale. Alisomea umeme Polokwane, akafanya kazi miaka mingi kwenye viwanda vya chupa huko Gauteng, kisha akarudi nyumbani na masanduku yake mawili na mtoto mmoja wa kike. Juu ya mtambo aliangika kamera. Chini yake machungwa yalipita yakiwa yamekaa juu ya rola, na rola zikazunguka, na machungwa yakabingirika huku yakisonga mbele. Kamera iliyapiga picha mfululizo, kompyuta ikazisoma, na lililokuwa na doa lilisukumwa pembeni kwa pumzi ya hewa.

Siku ya mkutano mkuu Masingita alisimama mbele ya watu akawaahidi mengi. Aliwaambia kwamba jicho lake litaona mtambo mzima, toka ukingo hadi ukingo. Kwamba rangi zitakuwa tamu kama machungwa yenyewe. Kwamba kila picha itahifadhiwa na kuonyeshwa kwenye televisheni kubwa ukumbini, na katika kila picha litaonekana lile jina la kijani.

"Kila picha?" Mzee Mkhacani aliuliza, akiinuka nusu.

"Kila picha, tatana," Masingita alimjibu, kwa neno la heshima ambalo kule humwita baba yeyote. Akina mama wakapiga vigelegele hadi kunguru wakahama paa.

Kulibaki mtihani mmoja. Wanunuzi wa ng'ambo walikuwa na wakala wao mjini Durban, Bi Perumal, mwanamke mdogo wa umbo mwenye miwani mikubwa, asiyecheka ovyo. Aliwapa masharti kwa simu: angekuja na machungwa mabovu, ayachanganye na mazima, mtambo ukimbie kwa kasi kamili. Ukiyakamata yote, maboksi yatabeba jina la Hi Vuyile. Ukiacha kupita hata moja, matunda ya msimu huo yatavushwa mto kama kawaida. Hakuna aliyetaka kusikia tena hiyo "kama kawaida".

Basi wakafanya jaribio lao wenyewe. Kwa mwendo wa kobe, mambo yalikuwa shwari. Masingita akaongeza kasi, rola zikavuma, na mara sauti ikatoka mwisho wa mtambo, alikosimama Nyeleti Baloyi, kiongozi wa akina mama wafungashaji. Ulimi wa Nyeleti haukuwa na kufuli, na Masingita alimwita sesi, yaani dada.

"Sesi Masingita! Jicho lako limepitiwa na usingizi! Hili hapa lina kidonda kama goti la mtoto!"

"Moja tu?"

"Moja tu? Njoo uone, nimejaza aproni! Haya, kitendawili!"

"Nyeleti, sina nafasi ya..."

"Sema tega!"

"Tega basi."

"Ana mashavu pande zote; akikupa moja ulibusu, jingine limeoza."

"Chungwa," Masingita alisema, na papo hapo moyo ukampiga, kwa kuwa ndani ya utani huo ndimo ugonjwa ulimokuwa. Chungwa lilipokimbia, kamera haikuwahi kulipiga picha za kutosha. Ililikamata shavu hili, kisha ikalikamata lile, na la tatu likapita likitabasamu bila kuonekana. Kupunguza kasi hakukuwezekana. Machungwa yangerundikana uani, na meli haimngojei mtu.

Masingita akapiga moyo konde. Alianza na mwanga. Kamera ina kope zake. Penye mwanga hafifu hulazimika kukaa wazi kwa muda ili ishibe, na ikiwa bado inashiba picha hii haiwezi kuanza ile. Akafunga taa kali kuzunguka mtambo, zikamulika hadi Nyeleti akaomba miwani ya jua. Picha zikaongezeka, kisha zikagoma.

Akaenda kwenye waya unaozipeleka picha kwa kompyuta. Ulikuwa kama shingo ya kibuyu: ndani mna maji tele, yanayotoka ni funda moja moja. Akaleta waya mpana zaidi. Picha zikaongezeka, zikagoma tena. Akaitazama kompyuta yenyewe, akakuta imeelemewa: inasoma picha, inaihifadhi, inaituma kwenye televisheni, yote kwa mkono mmoja. Akaipunguzia mzigo. Akapunguza hata utajiri wa rangi, ingawa hilo lilimuuma kama kumvua bibi arusi mkufu. Kila alipomfukuza fisi mmoja mlangoni, alimkuta mwingine ameketi nyuma yake akisubiri zamu.

Lakini Masingita hakuwa mtu wa kufa moyo. Fundi aliyeona viwanda vingi anajua kwamba kasi ya msafara ni ya yule anayekuja nyuma, na kwamba huyo sharti atafutwe kwa jina. Akabakiwa na jambo moja tu: ukubwa wa picha. Aliikata kushoto na kulia. Hesabu ya picha haikusogea hata kidogo. Hapo akatabasamu, kwani alikumbuka jinsi jicho lile linavyovuna. Huvuna tuta zima kwa mkupuo, kisha tuta linalofuata, kutoka juu hadi chini. Ukifupisha matuta, idadi yake ni ileile. Anayetaka kumaliza shamba mapema apunguze matuta yenyewe.

Akaikata juu na chini, akabakiza ukanda mwembamba palipopita machungwa peke yake. Picha ziliruka kama kanga waliotishwa na mbwa. Chungwa moja likapigwa picha mara nyingi kiasi kwamba halikuwa na shavu la kuficha. Masingita alishika kiuno, akacheka peke yake, akajiona bingwa. Kisha akaitazama skrini vizuri, na kicheko kikamkauka. Boriti ya kijani haikuwemo. Jina lilikuwa juu ya ukanda, nje ya picha.

Alikwenda kumwambia Mzee Mkhacani bila kuzunguka.

"Unataka nilifute jina," mzee alisema.

"Silifuti, tatana. Litabaki pale pale chumani. Ni jicho tu halitalitazama."

"Kitu kisichotazamwa kimefutwa, binti yangu. Sisi tulikaa kule kwenye mawe miaka yote hiyo. Unafikiri tulikuwa hatupo? Tulikuwepo. Hatukutazamwa tu."

Nyeleti, aliyekuwa akipita na mzigo wa maboksi matupu, akasimama. "Tatana, kompyuta si inaweza kulibandika jina juu ya picha baadaye? Mpwa wangu hubandika hata masikio ya sungura."

"Jina la kubandika ni kama meno ya bandia," mzee akamjibu. "Yanacheka, lakini hayatafuni mfupa." Kisha akamgeukia Masingita, na sauti yake haikuwa na hasira, jambo lililouma zaidi. "Si uliahidi vyote mbele ya mkutano? Basi fanya vyote."

Neno hilo lilimchoma Masingita kama mwiba wa mchungwa, kwa maana lilikuwa kweli. Naye pia alivitaka vyote. Alitaka kasi, alitaka uzuri, na alitaka vile vigelegele visinyamaze. Akarudi kwenye kompyuta akatafuta njia ya katikati: akaupanua ukanda kidogo kuelekea juu, ili jina liingie angalau kwa sehemu, akawaita watu waje waone.

Walikuja, wakatazama televisheni. Herufi zilikuwa zimekatwa vichwa. Ilikuwa miguu mitupu ya kijani, imepanga mstari.

"Ni jina gani hilo?" mama mmoja aliuliza.

"Labda ni uzio," mwingine akasema.

Na kutoka mwisho wa mtambo ikaja tena sauti ya Nyeleti, safari hii bila utani ndani yake. "Yanapita, sesi. Mabovu yanapita."

Jina halikusomeka, na mabovu hayakukamatwa. Watu walirudi kazini. Mzee Mkhacani aliondoka bila kumtazama mtu.

Siku iliyotangulia ujio wa Bi Perumal, baada ya ugali wa mchana na viwavi wa mopani wa kukaanga, akina mama walitoka uani kufanya mazoezi ya ngoma ya kumpokea mgeni. Walivaa xibelani zao, sketi zile nzito zilizojaa mikunjo, ambazo mchezaji akizitikisa hutangulia kucheza kabla yake. Nyeleti aliongoza. Makamo yake hayakumzuia. Kiuno kilikwenda huku sketi ikijibu huku, na vumbi likapata kazi.

Mzee Mkhacani alikuwa ameketi juu ya kreti. Enzi zake alikuwa mwamuzi wa mashindano ya ngoma hiyo ya xibelani, na vijiji vitatu viliwahi kugombana kwa sababu ya hukumu zake. Hakuweza kujizuia.

"Nyeleti! Bega linakusaliti! Tulia juu, zungumza chini!"

"Tatana, tazama basi tabasamu langu, limenigharimu sana!"

"Tabasamu lako lina kazi gani? Sikuliona kabisa."

Masingita, aliyekuwa ameegemea mlango wa kiwanda, alishtuka kama aliyeitwa kwa jina. Akamsogelea mzee, akachuchumaa kando ya kreti kwa adabu.

"Tatana, ulipokuwa mwamuzi ulikuwa unatazama nini?"

"Kiuno."

"Na uso?"

"Uso wa nini? Sketi inakwenda kasi kuliko ulimi wa mmbea. Ukiinua macho kutazama uso, ukirudi chini mtikiso umepita. Anayetazama uso kaja kuposa, hakuja kuamua!"

Akina mama wakaangua kicheko, Nyeleti akajifunika uso kwa kitambaa. Lakini Masingita hakucheka.

"Tatana," alisema polepole, "jicho langu linatazama uso."

Ngoma iliendelea. Mzee aliitazama sketi ya Nyeleti ikipiga huku na huku, kisha akatazama, kupitia mlango ulio wazi, ile boriti yenye herufi zilizopinda. Wimbo ukaisha.

"Jina tunalitaka wapi, binti yangu?" aliuliza mwishowe. "Kwenye televisheni yetu, tulitazame sisi wenyewe?"

"Kwenye maboksi, tatana. Huko ng'ambo, wakalitazame wengine."

Mzee aliinuka, magoti yakalia. "Basi likate. Katia chini yake, usiache hata mguu wa herufi. Nikiona tena ile miguu nitaota vibaya."

Kesho yake Bi Perumal alifika na mfuko wake wa machungwa. Aliitazama boriti, akazitazama taa, akaitazama televisheni. Mwenyewe akayachanganya yale mabovu na mazima, mengine yakiwa na doa dogo kama kichwa cha sindano, akaagiza mtambo uende kasi kamili. Rola zikavuma. Machungwa yakapita kama mto wa dhahabu, na pumzi za hewa zikasikika moja moja, puf, puf, kila lililokuwa na dosari likitupwa pembeni.

Mtambo uliposimama, Bi Perumal aliinama kwenye kapu la yaliyofukuzwa, akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena. Akavua miwani.

"Limepungua moja," alisema.

Mzee Mkhacani aliiegemea boriti yake. Mama mmoja karibu na kapu la mabovu ya siku iliyopita akatupa jicho kwenye chungwa lililodondoka kando yake, akalisogeza kwa mguu kuelekea kwa Nyeleti, kana kwamba anasema: hili hapa, lijazie. Nyeleti akalirudisha kwa mguu vilevile, kwa nguvu zaidi.

Masingita hakwenda mbio. Alizipitisha picha mbele ya macho yake kwenye kompyuta, shavu baada ya shavu. Kisha akageuka, mabega yametulia, sauti imenyooka.

"Mama, jicho letu limeyaona yote yaliyopita hapa. Hilo lako halikupita. Halikuingia."

"Una hakika? Unajua kilichopo mezani."

"Najua. Halikuingia."

Bi Perumal alimkazia macho. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu ashuke garini, midomo ilimcheza. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake, akatoa chungwa lenye doa, akaliweka juu ya meza.

"Wengi hunitafutia moja," alisema. "Huokota bovu lolote wakalijazia. Ninyi hamkufanya hivyo."

Kelele zilizopanda hapo zilisikika hadi ng'ambo ya mto, na hilo ndilo lililokuwa lengo la waliozipiga. Katikati ya vifijo Bi Perumal alinyoosha kidole kwenye televisheni. "Ila niambieni jambo moja. Viwanda vyote ninavyotembelea vinanionyesha picha kubwa za fahari. Mbona yenu ni utepe tu, kama mkanda wa suruali?"

Masingita alitaka kuanza kueleza habari za matuta na kope. Mzee Mkhacani akamwahi, kifua mbele.

"Mama," alisema, "sisi hatukuja kuposa."

Bi Perumal hakuelewa kwa nini akina mama walianguka juu ya maboksi kwa kicheko, lakini alicheka nao.

Wiki hiyo lori la kwanza lilitoka. Mzee Mkhacani alikaa mbele kando ya dereva, na akamwomba apunguze mwendo walipopita langoni kwa jirani. Hakupunga mkono wala hakupiga kelele. Aliteremsha kioo tu, akaweka kiwiko nje, akaacha maboksi yaseme. Kila boksi lilikuwa na maneno mawili ya kijani, yaliyopinda kidogo, kwa sababu Masingita alikuwa ameagiza yachapwe vilevile kama yalivyoandikwa kwenye boriti. Nyuma yao kiwandani, kamera iliendelea kutazama ukanda wake mwembamba, haijui kusoma, haijui kijani, inajua mashavu ya machungwa tu.

Kwa hiyo ule mji wa kitendawili wapewe watu wa Hi Vuyile, maana wamelijua jicho lile lipewe nini na linyimwe nini. Waliacha kulitaka jina katika kila picha, wakalipata katika kila boksi. Wangeng'ang'ania vyote, leo machungwa yao yangekuwa ng'ambo ya mto yakibatizwa jina la mwingine. Kwani mtaka yote hukosa yote.